Pinde Mbili na Mkono Mmoja

 

Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi akina baba wenye wana waliokwisha kupevuka, leo twataka kukusimulieni jambo lililotupata sisi wenyewe. Si jambo kubwa mbele ya macho ya walimwengu. Ni habari ya pinde mbili, mishale michache, na neno moja tulilolitamka mbele za watu. Walakin neno lile lilituuma kwa muda mrefu, nasi twaona haifai kulificha, kwani huenda katika nyumba zenu mkawamo neno la namna hiyo, limelala, langoja siku yake tu.

Wengi katika nyinyi mwajua cheo cha upinde katika dini yetu. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Uqba bin Amir (R.A.), ya kuwa Mtume (S.A.W.) alipokuwa juu ya mimbari aliisoma aya ya 60 ya Suratul Anfal, inayowaamrisha waumini waandae nguvu kadiri wawezavyo, kisha akakariri mara tatu ya kwamba nguvu hiyo ni kulenga shabaha. Na katika kitabu hicho hicho yamepokewa makemeo kwa mtu aliyejifunza kulenga kisha akaacha. Kwa ajili hiyo waliotutangulia hawakuufanya upinde kuwa mchezo wa kupotezea wakati, bali waliutungia vitabu kama walivyotunga katika fiqhi na nahau. Katika karne ya 14, zama za Mamluki wa Misri na Sham, Taybugha al-Baklamishi alitunga kitabu kizima cha kumfundisha mwanafunzi namna ya kusimama, namna ya kushika, namna ya kuvuta na namna ya kuachia. Na Istanbul ilipofunguliwa mwaka 1453, Sultani Muhammad wa Pili aliwatengea wapiga mishale uwanja wao uitwao Okmeydanı, na ilikuwa ni adabu kuingia humo ukiwa na udhu. Mwanafunzi hakuhesabiwa kuwa fundi mpaka autupe mshale masafa ya gezi 900, ambayo ni karibu ya mita 600. Hapo ndipo mwalimu wake alipomkabidhi mshiko wa upinde mbele ya mashahidi.

Tumeyataja haya ili msomaji asidhani kwamba twazungumza mambo ya kitoto. Sasa tuje kwenye habari yetu.

Sisi tulizaliwa pwani ya Kenya, upande wa bara ya Malindi, na jirani yetu mmoja alikuwa mzee wa kabila la Waata, ambao wengine waliwaita Waliangulu. Watu hawa walikuwa mashuhuri kwa kuwinda ndovu kwa mata na mishale ya sumu. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, uta wa mzee yule ulibaki umetundikwa ukutani. Ulikuwa mrefu, wa mti mmoja mtupu, haukuunganishwa na kitu. Siku moja alituruhusu sisi watoto tuujaribu. Tulivuta kwa zamu, tukavuta wawili pamoja, na ugwe haukufika hata nusu ya njia ya kidevuni. Mzee akacheka, akauvuta yeye kwa pumzi moja mpaka shavuni, akaurejesha taratibu. Baadaye tulikuja kusoma kwamba mata ya Waata yalihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi kuyavuta. Wakati ule tulichojua ni kwamba mzee yule alikuwa mtu.

Miaka mingi ikapita, riziki ikatupeleka Uingereza, nako tumekaa zaidi ya miaka 20. Siku moja, tukipita kando ya kiwanja nje ya mji, tuliona watu wakilenga shabaha, na mmoja wao, mzee wa Kiingereza, ameshika upinde uliomzidi kimo. Moyo wetu uliruka. Tuliuona uta wa ukutani kule nyumbani! Tukasimama, tukasalimiana naye, na kutoka siku ile akawa mwalimu wetu. Yeye alikuwa seremala aliyestaafu, akijitengenezea pinde kwa mkono wake. Ndiye aliyetueleza ya kwamba upinde mrefu ndio upinde wa wazee wao. Mwaka 1982 jahazi la kivita liitwalo Mary Rose, lililozama mwaka 1545, lilipoinuliwa kutoka baharini, zilikuwa zimekwisha kupatikana ndani yake pinde za namna hiyo zaidi ya 130 zilizo nzima, nyingi zikikaribia mita mbili kwa urefu.

Tulijifunza kwa huo upinde mrefu miaka sita, na Mwenyezi Mungu akatujaalia kuuzoea. Jamaa wa msikiti wetu waliposikia, wakaleta watoto wao, nasi tukawa twawafundisha kila Jumapili. Na hapo ndipo nafsi ilipoanza kunenepa.

Mwanetu mkubwa alipotimiza miaka 15 alitaka upinde wake, lakini hakutaka kama wetu. Alitaka ule ambao ncha zake mbili zimepinduka kuelekea mbele, kinyume cha upande uvutwao ugwe. Hapa tutauita upinde wa mpinduko. Yafaa tueleze tofauti yake, kwani kisa chote kimo humo.

Upinde mrefu ni kama fimbo iliyopindwa. Ugwe hugusa ncha zake tu, na kila uvutapo inchi moja uzito huongezeka, hata ukifika mwisho wahisi kama unavuta ukuta. Mshiko wake ni mnyoofu, mshale hukaa ubavuni mwa mti, na hauna budi kujipinda na kuuzunguka upinde ndipo unyooke kwenda zake. Ama upinde wa mpinduko, ugwe wake hulala juu ya ncha zile zilizopinduka. Unapovuta, ncha hufunuka kidogo kidogo, hivyo nguvu nyingi hukusanywa mapema, na mwisho wa mvuto huwa laini kuliko utarajiavyo. Ni mfupi, wa haraka, na mshale wake huruka chini kwa chini bila kupanda sana. Mshiko wake umechongwa kufuata kiganja, na mti umekatwa dirisha ili mshale ukae karibu na katikati. Kwa hiyo mshale unaofaa kwa huu haufai kwa ule. Ukiwa mgumu mno kwa upinde wake, kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale hukimbilia kushoto. Na ukiwa laini mno, hukimbilia kulia.

Mwanetu alikuwa akiuita upinde wetu “fimbo ya babu”. Alisema kwa mzaha, nasi tukacheka, lakini ndani hatukucheka. Nasi tukawa twauita wake “mchezo wa vijana”. Na ugomvi wa upinde kwa upinde si mpya. Waarabu wa Hijazi walikuwa na pinde zao za mti, kama ule mti wa nab', na Waajemi walikuwa na zao zilizounganishwa kwa pembe na kano. Hata kumepokewa maneno ya kuusifu upinde wa Kiarabu na kuukemea wa Kiajemi, lakini wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha isnadi yake, na Waislamu wenyewe baadaye walizichukua pinde za pembe na kano, wakazifikisha ukamilifu. Na mwaka 1794, katika mji wa London, Mahmud Efendi, katibu wa balozi wa Dola ya Uthmaniya, aliutwaa upinde wake mfupi wa mpinduko mbele ya waungwana wa Kiingereza waliozoea pinde ndefu, akatupa mshale zaidi ya yadi 400. Waliokuwapo walistaajabu, kwani pinde zao hazikuweza kufika huko. Mwanetu alikipenda sana kisa hiki, akikikariri kila tulipokaa kula. Nasi tulimjibu kwamba kutupa mbali si kupiga shabaha.

Basi, ndugu zangu, ilikuwa Jumapili moja ya mwisho wa kiangazi. Zilikuwapo familia saba za msikitini. Tulipanga kwamba kila baba apige mishale 12 kwa upinde wake, kisha abadilishane upinde na mwanawe, wapige tena. Shauri hili lilikuwa letu sisi. Twakiri leo kwamba hatukulitoa kwa ajili ya kufundisha tu, bali tulitaka watu waone ya kuwa aliye fundi ni fundi kwa upinde wowote.

Usiku uliotangulia tuliona ugwe wa upinde wa mwanetu umechakaa, nyuzi mbili zimekatika. Tukauondoa, tukaweka mpya. Sasa, kila upinde una kipimo chake cha nafasi iliyo baina ya ugwe na mshiko. Katika upinde mrefu, mafundi wengi huipima kwa ngumi yenye dole gumba lililosimamishwa, nasi ndivyo tulivyofanya. Mwanetu alikuwa amesimama karibu. Akasema kwa adabu, “Baba, huu wangu hupimwa kwa rula, si kwa ngumi.” Tukamjibu, “Mwanangu, ngumi hii imefunga nyugwe kabla hujajua kusoma.” Akanyamaza.

Siku ya pili, kabla ya kuanza, alitaka kupima tena. Tukamharakisha, tukamwambia watu wanangoja. Akapiga mishale yake 12 kwa yadi 30. Haikuwa vibaya, ingawa alikunja uso mara mbili tatu na kuutazama ugwe. Kisha ikaja zamu yetu ya kuutwaa upinde wake. Tukachukua mishale yetu wenyewe, ile ya upinde mrefu, kwa kuwa ndiyo tuliyoizoea mikononi.

Mshale wa kwanza ulipita kushoto ya shabaha, ukaingia majanini. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ulipoachiwa, ugwe ulitupiga mkono wa kushoto juu ya kinga, pakavimba hapo hapo. Wa nne, wa tano na wa sita tusiuzungumze. Mtoto mmoja mdogo akacheka kicheko cha wazi, cha mtoto asiyejua. Tukautazama upinde, tukaona ugwe umesogea karibu na mshiko kuliko tulivyouacha usiku. Damu ikatupanda. Tukamgeukia mwanetu, tukamwambia mbele ya baba saba na watoto wao, “Umeuchezea ugwe huu ili unifedheheshe mbele za watu.”

Akasema, “Sikuugusa, Baba.”

Tukamwambia, “Husemi kweli.”

Hilo ndilo neno lenyewe. Hakuna aliyecheka tena. Mwanetu aliuweka upinde mrefu juu ya majani, taratibu, kama mtu awekaye kitu cha mwenyewe, akaenda kukaa ndani ya gari mpaka tulipomaliza.

Watu walipotawanyika, yule mzee seremala, aliyekuwa ameketi mbali akitazama, alikuja na rula. Hakusema lolote la kulaumu. Akapima nafasi baina ya ugwe na mshiko, akatuonyesha: ilikuwa inchi sita na robo tu, ilhali upinde ule wataka nane. Akatueleza mambo matatu. La kwanza, ugwe mpya wa dakroni hurefuka katika dazeni za mwanzo za mishale. Hausogei kwa kuchezewa, husogea kwa kutumiwa. Dawa yake ni kuuvua, kuusokota mizunguko kadha ili ufupike, na kupima tena. Na sisi tangu usiku tulianza chini ya kipimo, kwa sababu ngumi ya upinde mrefu si kipimo cha upinde wa mpinduko. La pili, mishale yetu ilikuwa ya upinde wa ratili 45, nasi tumeitupa kwa upinde wa ratili 34. Ilikuwa migumu mno, basi itakwenda wapi isipokuwa kushoto? La tatu, tuliushika mshiko uliochongwa kwa kiganja kizima, kama tushikavyo fimbo yetu, tukawa twaupotoa upinde kila tunapoachia.

Makosa yalikuwa matatu, na yote matatu yalikuwa yetu. Mtoto hakuwa na hata moja.

Msomaji atadhani kwamba tulikwenda mbio kumtaka radhi. La, hatukwenda. Tulirejea nyumbani tukala kimya. Tulijiambia kwamba kijana atasahau, na kwamba si desturi yetu sisi watu wa pwani baba kumwangukia mwanawe, na kwamba heshima ya nyumba ikivunjika haiungiki. Nafsi ina fasaha kubwa inapojitetea! Jumapili ya pili mwanetu alisema ana masomo. Ya tatu akasema amechoka. Ya nne hakusema kitu, alifunga mlango wake tu. Na sisi tulijua, ingawa hatukulitamka, kwamba saa zile mbili za kiwanjani ndizo pekee katika wiki alizokuwa akizungumza nasi. Siku nyingine yeye yuko shuleni nasi tuko kazini, na jioni kila mtu na lake. Katika miji hii ya ughaibuni tumeona vijana wengi wakitoka mikononi mwa wazee wao, wala hawakutoka kwa kishindo. Walitoka hivyo hivyo, mlango mmoja baada ya mlango.

Mama watoto alivumilia mpaka usiku wa Jumapili ile ya nne. Akatwambia, “Baba watoto, mtoto umemwita mwongo mbele za watu. Ungemwita chumbani, ungemtaka radhi chumbani. Sasa utamtaka radhi wapi?” Hakuongeza neno, akaenda kulala.

Hatukulala sisi. Tuliikumbuka aya ya 12 ya Suratul Hujurat inayotukataza kudhaniana vibaya, na aya ya 135 ya Suratun Nisaa inayotuamrisha tusimamishe haki ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu. Na zaidi ya yote tulikumbuka kisa cha Sawad bin Ghaziyya kilichopokewa katika sira. Siku ya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alikuwa akinyoosha safu, na mkononi ana mti wa mshale. Akamkuta Sawad ametokeza mbele ya safu, akamdukua tumboni kwa mti ule ili arudi. Sawad akasema ameumia, na akataka haki yake. Mtume hakukasirika, wala hakusema kwamba yeye ndiye amiri wa jeshi. Alifunua tumbo lake tukufu, hapo hapo, mbele ya jeshi zima, ili Sawad alipe kisasi. Sawad akamkumbatia na kulibusu tumbo lile. Tukajiuliza: ikiwa yeye, mbora wa viumbe, hakuona haya kutoa haki mbele za watu kwa dukuo la mti wa mshale, sisi ni nani hata tuogope kupungukiwa?

Asubuhi tuligonga mlango wa mwanetu, tukamwomba aje nasi kiwanjani Jumapili ijayo, mara moja tu. Alikuja. Familia zile saba zilikuwapo. Baada ya kuswali Alasiri tulisimama, miguu haina nguvu, tukasema kwamba siku ile tulimtuhumu mwanetu kwa jambo asilolifanya, na tukamwita mwongo naye alisema kweli. Tukaeleza kwamba ugwe ulirefuka wenyewe, kwamba kipimo cha makosa kilikuwa cha ngumi yetu, na kwamba yeye alitutahadharisha tusisikie. Tukamgeukia, tukamwambia, “Mwanangu, nimekukosea mbele ya watu hawa, na mbele ya watu hawa nakutaka radhi.”

Alitazama chini muda mrefu. Kisha akasema, “Yameisha, Baba.” Akanyamaza kidogo, akaongeza, “Lakini rula utaitumia.”

Watu wakacheka, nasi tukacheka, na safari hii tulicheka kweli. Baba mmoja alitufuata baadaye karibu na magari, macho yake mekundu, akatwambia kwamba naye ana neno la namna hiyo nyumbani kwake, la miaka mitatu. Hatukumwuliza ni neno gani.

Tangu siku ile sisi tukawa mwanafunzi wa mwanetu katika upinde wa mpinduko, naye akaja kwetu kwa upinde mrefu. Ndipo tulipojua kwa nini kubadilisha upinde ni kugumu, na kwa nini kuna faida. Vijana wanaopenda sanaa hii na wayashike haya machache tuliyoyapata kwa kuumia.

Usichanganye pinde mbili katika siku moja mpaka mkono umezizoea zote. Sisi tulikaa majuma sita na ule wa mpinduko peke yake, na upinde mrefu tukautundika. Kila unapobadilisha, anza upya kwa hatua tano mbele ya tita la majani makavu, bila shabaha, huku macho umeyafumba, ili mkono ujifunze bila kushughulishwa na kupata au kukosa. Waalimu wa kale walilijua hili, na ndiyo sababu Taybugha alimwanzisha mwanafunzi kwa upinde laini na shabaha ya karibu. Kila upinde uwe na mishale yake. Sisi tumeifunga ya huu uzi mwekundu na ya ule uzi wa kijani, isiingiliane podoni. Kuwe na daftari la kuandika kipimo cha ugwe cha kila upinde, na upimwe kabla ya kuanza na tena katikati ya zoezi, hasa ugwe ukiwa mpya. Upinde mrefu ushike kwa kiganja imara, ule wa mpinduko ushike kwa sehemu iliyo chini ya dole gumba tu, na vidole vingine vilegee. Na jicho lako lisichukue hesabu ya upinde huu kuupelekea ule, kwani mshale wa upinde mrefu hupanda na kushuka zaidi, ukilenga mahali pamoja kwa pinde zote mbili utakosa kwa mmoja wapo.

Tuliona pia ya kuwa kila upinde hufichua aibu ambayo mwenziwe huisitiri. Upinde mrefu haukusamehe ukivuta pungufu: ukipunguza nusu inchi, mshale huanguka chini. Ule wa mpinduko husamehe kidogo katika mvuto, lakini hausamehi mkono unaopotoa. Sisi miaka sita tulikuwa na mkono unaopotoa, na upinde mrefu haukutwambia. Mwanetu alikuwa akivuta pungufu, na upinde wake haukumwambia. Tulipobadilishana, kila mmoja akapata mwalimu. Tulichokuwa tukikiita ufundi, sehemu kubwa ilikuwa mazoea ya upinde mmoja.

Katika Sahihi Bukhari imepokewa kutoka kwa Salama bin al-Akwa (R.A.) ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga shabaha. Akawahimiza, akawakumbusha kwamba baba yao Ismail alikuwa mpiga mishale, na akasema yeye yuko pamoja na upande mmoja. Upande wa pili wakaizuia mikono yao. Alipowauliza, wakasema watatupaje naye yuko na wenzao? Akawaambia watupe, naye yuko pamoja nao wote. Tulikisoma kisa hiki mara nyingi tukidhani ni cha mishale tu. Leo twakisoma kama baba. Mwana akiona kwamba baba yake yuko upande wa pili daima, ataizuia mikono yake, kisha ataufunga mlango wake.

Mwanetu sasa yuko chuoni katika mji mwingine, na upinde wake amekwenda nao. Wetu umetundikwa ukutani sebuleni, kama ule wa mzee wa Kiwaata, ila huu hushushwa kila Jumapili. Anapokuja likizo tunabadilishana. Bado kwa upinde wake mishale yetu hukimbilia kushoto mara kwa mara. Inapokwenda, yeye husimama kimya akingoja, na sisi huutazama kwanza mkono wetu, kisha mshale, kisha ugwe. Mtu mwingine hatumtazami.

Basi, ndugu zangu akina baba, mkosapo shabaha katika nyumba zenu, anzeni hapo kwenye mkono. Na ikiwa liko neno mlilolitamka mbele za watu, msilingojee lijifute lenyewe. Na nyinyi vijana, mzee wenu akija na haki yenu, hata ikiwa amechelewa, mpokeeni, kwani safari aliyokuja ni ndefu kuliko mnavyoiona.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azinyooshe ndimi zetu kabla ya mishale yetu, atusamehe dhana mbaya tulizowadhania watoto wetu, na atujaalie sisi na wao tuwe upande mmoja duniani na akhera. Amin.